Boneti ya Marehemu

Gulio la vipuri vikuukuu vya magari mjini Coventry, Uingereza, lilifurika watu Jumapili ile, na mikono miwili ikaidaka feni moja ya rejeta.

"Achia, kaka. Nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona, bibie, mimi nimeishika."

"Ulichoshika ni vidole vyangu."

Alun Prosser akatazama. Kweli! Akaviachia haraka, masikio yamemwiva. Mwenye vidole, Lorna Hadfield, alivaa ovaroli la kijani, kitambaa chekundu kichwani, na mdomo kaupaka rangi ileile. Jamani, mwanamke anayejipodoa kwenda kununua feni si wa kumpita hivihivi.

"Gari yako inachemsha?"

"Tangu izaliwe."

Lilikuwa gari dogo la spoti, viti viwili, alilolijenga mumewe Mervyn gerejini nyuma ya nyumba. Moyo ulimuua kabla hajalifikisha hata mtaa wa pili. Kila jioni Lorna akitoka kazini hospitali aliingia chini yake. Alibadilisha rejeta, akaongeza feni, akalifunga bomba la moshi kitambaa cha kuzuia joto. Wapi! Likifika barabara ya mzunguko tu, mshale wa joto kwenye nyekundu, mvuke nje.

Alun akaja kuliangalia Jumamosi moja, akarudi kesho yake, mwisho akawa haendi kwake ila kulala. Na simu za Alun nazo!

"Umekula?"

"Mkate na soseji."

"Hicho nacho chakula? Njoo nikupikie."

"Nyie watu wa Wales mnajua kupika?"

"Njoo uone, mpenzi. Utahamia."

Jambo moja tu liliwagombanisha. "Hewa inaingia mbele, haina pa kutokea," Alun alisema. "Moto wote unabaki humohumo. Tukate matundu kwenye boneti, yaishe."

"Usiiguse." Boneti ile Mervyn aliigonga kwa nyundo mwenyewe, bati la alumini, halina hata mkwaruzo.

"Lorna, hata ukifunga feni kumi..."

"Nimesema usiiguse!"

Sasa mwanamume akipenda, kila chozi la mwanamke analiona kazi ya fundi. Siku ya kuzaliwa ya Lorna, mwenyewe akiwa zamu, huyu bwana akaikata. Matundu marefu, safi, kingo kazisugua. Akaweka na maua juu, masikini ya Mungu.

Lorna aliporudi alipiga yowe hadi majirani wakatoka. "Umemkata! Umemkata Mervyn wangu!"

"Nimekata bati, mpenzi, nilitaka..."

"Usiniite mpenzi. Toka!"

Akatoka. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa. Wiki zikapita. Lorna akakonda, chakula hakipiti, gerejini haingii. Alun naye kazini akawa anaharibu kila alichoshika, mpaka msimamizi akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Mchana mmoja wa joto kali Lorna akaliwasha gari kwa hasira. Alitaka lichemke. Alitaka liungue kabisa, apate la kumwambia Alun. Akaliingiza barabara ya mzunguko, kwenye foleni, jua la utosi. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukatulia. Akakanyaga mafuta. Umetulia. Joto lilipenya matunduni, likatetemeka mbele ya kioo, likaenda zake. Lorna akaangua kilio palepale kwenye usukani.

Hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Alun. Alun alifungua mlango akiwa na soksi moja, ndevu zimemjaa.

"Imechemsha?"

"Haikuchemsha!" Akamkwida shati. "Unajua umenifanya nini? Dawa nilikuwa naijua. Niliijua siku zote! Lakini gari ikipona, kazi ya Mervyn imekwisha, na yeye ndiyo amekufa. Kila jioni nilikuwa na kazi naye, Alun. Sasa sina."

"Nisamehe. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza ningekataa mpaka kaburini." Mkono ukalegea shatini. "Jioni zangu zote tupu. Nizipeleke wapi?"

"Zilete hapa."

"Zote?"

"Zote. Na za uzeeni. Nioe, Lorna, au nikuoe, vyovyote utakavyo."

Lorna aliingia ndani, akaketi kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza akamlilia mumewe kama anavyoliliwa maiti. Alun akaketi ngazi ya chini yake, akamwacha alie.