Madaftari Manne Katika Tanuri la Apollinaire

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Elliot alifungua tanuri la samaki la jirani yake Apollinaire kuomba kaa la moto, akakuta madaftari manne yanateketea chini ya samaki. Ufuko wa ziwa pale Kashikishi ulikuwa mtupu. Mwezi mpevu ulikuwa umewalaza nyumbani wavuvi wote wa chisense, dagaa wa ziwa lile, yeye mwenyewe akiwamo, maana taa zao hazivuti samaki penye mbalamwezi.

Madaftari yalikuwa ya Thandiwe, binti wa Lusaka aliyepanga chumba kwake. Aliyeyachukua aliingia nyumbani wao wamelala.

Thandiwe alisomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa kompyuta. Masharti yake Elliot aliyajua: miaka ya darasa, mtihani mkubwa, makala mbili kuchapishwa, utafiti ambao hajaufanya mwingine, kisha kuutetea mbele ya maprofesa watano. Siku ya kutetea ilikuwa Ijumaa. Kompyuta yake ilijifunza kukisia magunia ya chisense ya kila siku. Hesabu zilikuwa na nakala mtandaoni, lakini chuo kilidai karatasi zenyewe za madaftari, ambazo wavuvi walithibitisha kwa alama za vidole. Bila hizo, miaka mitano bure.

"Mwizi atarudi, Tata," alisema Thandiwe, aliyemwita Elliot baba kwa heshima, amejibanza ukutani. "Karatasi zimeisha. Nimebaki mimi."

Saa tatu polisi walimfunga pingu Apollinaire. Tanuri ni lake, tena ni mkimbizi kutoka ng'ambo ya ziwa; wakatosheka. Elliot hakushangaa. Hata mke wa Elliot mwenyewe alipofia kwenye boti ya wagonjwa iliyoachwa bila mafuta, wakubwa walimlaumu nahodha.

"Papa Elliot, haiko miye," Apollinaire alisema polepole. "Naweza kuchoma plastiki chini ya samaki yangu? Nani atakula?"

Kweli. Samaki wa wiki nzima walinuka majalada ya plastiki. Mtu wa samaki hafanyi hivyo.

Elliot akaenda nyumba ya wageni kupeleka habari. Dokta Fanwell, msimamizi wa masomo ya Thandiwe, alikuwa amesema katoka mji wa Mansa na kufika hapo saa mbili asubuhi. Lakini mvua ilinyesha saa kumi na moja alfajiri, ikakatika kabla Elliot hajaenda kwenye tanuri. Uwanja wote ulikuwa tope. Elliot aliinama kama anayefunga kiatu. Chini ya gari la Dokta, mchanga ulikuwa mkavu: lilikuwa limeegeshwa pale kabla ya mvua.

Mkubwa kama huyu angeweza kumpoteza mtu, na asiulizwe.

Alirudi kumuuliza Thandiwe kama Dokta ana neno na kazi yake. Binti akasema sura ya tatu ya utafiti wake ililinganisha hesabu zake na za kitabu cha udaktari cha Dokta, na kompyuta ilizikataa za Dokta. Jumapili alimpigia simu kumuuliza kosa liko wapi. Elliot alikitazama kitabu hicho kwenye simu ya Thandiwe. Kiingereza hakukijua, tarakimu alizijua: magunia arobaini, thelathini na tisa, arobaini, usiku baada ya usiku, mwaka mzima.

Saa kumi jioni Elliot na Dokta, aliyeitwa kwa ombi la Elliot, walikaa kituo cha polisi mbele ya Inspekta Febby, aliyekulia kambi ya wavuvi kisiwani Kilwa, katika ziwa lile lile.

"Dokta, hesabu za kitabu chako ulihesabu mwenyewe?"

"Kwa macho yangu. Kila usiku. Wewe mzee unajua nini kuhusu utafiti?"

"Sijui kitu. Hata usiku wa mwezi mpevu?"

"Nimesema kila usiku."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Dokta, mwezi mpevu hakuna mutu anaenda chisense."

Ndipo Elliot akaeleza habari ya mchanga mkavu.

"Nilihesabu wiki moja tu," alisema Fanwell. "Nyingine nilizitunga. Maprofesa wangesoma sura yake, wakafungua kitabu changu, wakanivua udaktari. Nilitaka asitetee, basi. Nikayachoma kwa mkimbizi; nilijua mtamwamini nani."

Chuo kilikubali Thandiwe atetee Ijumaa ile ile, kama karatasi zitachapwa kutoka nakala za mtandaoni na kupata alama za vidole upya. Jumatano Thandiwe alizitandaza mezani ufukoni. Wavuvi sitini na wawili walikuja, wakasimama mbali. Karatasi ya wakubwa inatisha.

Elliot naye aliogopa. Karatasi ya wakubwa ya mwisho aliyoiwekea kidole ilikuwa ya kifo cha mkewe, iliyosema hakuna mwenye kosa. Wino haukuwapo. Aliingiza mkono katika tanuri la Apollinaire lililokuwa karibu, akapaka kidole gumba masizi, akakikandamiza kando ya jina lake.

Apollinaire, aliyekwisha achiwa huru, mikono bado na alama za pingu, alifungua mlango wa tanuri wazi.

"Mupite, bazee," alisema. "Masizi iko ya kutosha."

Wakaanza kusogea.