Mgeni Asiye na Tumbo

Kuku wa sadaka alikuwa mzima mezani, ngozi inang'aa kwa mafuta, lakini Dokta Chuang Yu-chin alipomshika alibonyea kama mfuko mtupu. Ndani hamkuwa na nyama wala mfupa.

"Panya," akasema Tseng, mkurugenzi wa ofisi ya kukagua vipimo vya hospitali.

"Panya gani anayekula mifupa akaacha ngozi?"

Kosa lilikuwa la Tseng. Mwezi wa saba wa mwandamo kila ofisi ya jiji la Taichung huwaandalia meza Ndugu Wema, maana hakuna mwenye akili anayewaita mizimu kwa jina lao, na meza hukaa nje ya mlango, ili wasio na wa kuwalisha wale hukohuko na kwenda zao. Leo mvua ilinyesha, Tseng akaamuru meza iingizwe ukumbini, uvumba na vyote.

"Mkurugenzi, ukiwaingiza ndani umewakaribisha," Yu-chin alimwambia.

Alichekwa. Daktari mzima!

Sasa ukumbi mzima ulinuka siki na nyongo.

"Achana na kuku," Tseng akasema. "Kipimo cha jeni za kansa ya tumbo. Baraza la afya linangoja tathmini yako, kampuni inayokiuza inanipigia simu kila saa. Pitisha."

"Sipitishi."

"Mashine inasoma jeni bila kosa hata moja!"

"Nani amebisha? Mimi nauliza mengine. Hao wanaosomwa kuwa na jeni hizo, wanaugua kweli? Kampuni haijui, imepima familia ambazo tayari zilikuwa zimejaa wagonjwa. Na kumtoa mtu tumbo zima ili asiugue kunamwongezea maisha? Hilo halikuulizwa kabisa. Ila brosha ni nzuri, hongera zao."

Yu-han, mdogo wake Yu-chin, alikuwa amelazwa ng'ambo ya mji, na jioni hii angetolewa tumbo kwa sababu ya kipimo hichohicho, ingawa kwao hakuna aliyewahi kuugua kansa hiyo. Daktari wake alishasema: tathmini ikikikataa, haguswi. Yu-han mwenyewe hakusikia la mtu. "Dada, wewe ngoja ushahidi wako," alisema asubuhi. "Mimi ningoje kansa?"

"Mwaka jana nilikipa ruhusa ya muda," Tseng akasema, "na hakuna aliyelalamika."

Chini ya meza ya sadaka mtu akatafuna.

Kitambaa chekundu cha meza hakikutikisika, lakini kule chini meno yaliendelea kusaga, taratibu, kisha koo likameza, kisha kitu kilicholowa kikaanguka sakafuni chubwi, na meno yakaanza upya, yakasaga, koo likameza, kikaanguka, na ile harufu ya nyongo ikapanda hadi machoni, na taa zikafifia, giza likaingia ingawa ulikuwa mchana, mpaka kutoka upindoni mwa kitambaa ukatambaa mchuzi wenye vipande vya nyama vilivyotafunwa vizuri, ukafika kwenye viatu vya Tseng, ukasimama.

"Nakula," sauti ya mwanamke ikasema. "Kinakwenda wapi?"

"Dokta," Tseng akanong'ona, "mwambie aondoke."

"Mwambie wewe. Mgeni wako."

"Kwa kipimo hicho walinitoa tumbo zima," sauti ikasema. "Walipolichunguza, likawa safi. Sikuwa na ugonjwa. Nikakonda mpaka nikafa."

"Si mimi! Ni kampuni!"

"Ruhusa ilitoka kwa nani?"

Yu-chin alitoa muhuri wa jina lake, akaugonga kwenye fomu ya tathmini, chini ya neno KIMEKATALIWA. Kutafuna kukakoma. Akampigia mdogo wake tena na tena; saa ikapita kabla hajapokea.

"Yu-han! Wasikuguse, kimekataliwa!"

"Umechelewa kunigombeza, dada. Daktari ameshanifokea. Upasuaji umeahirishwa, nimekula."

"Umekula? Si uliambiwa ufunge?"

"Si huyo mwenzako uliyemtuma na tambi za nyama? Kaniambia nile nishibe, maana yeye hawezi. Amekonda, maskini! Kakaa hapa ananitazama hadi nimemaliza bakuli."

Yu-chin hakuwa amemtuma mtu. "Yuko wapi sasa?"

"Katoka sasa hivi. Anasema anarudi kwa mkurugenzi wako, atakaa kwake, maana ndiye aliyemkaribisha."

Nyuma yake kitu kilichanika. Yu-chin akageuka. Tseng alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya sadaka, anakula machungwa na maganda yake, kwa mikono miwili, juisi ikimchuruzika hadi kwenye tai.

"Dokta," akasema, mdomo umejaa, machozi yanamtoka, "mbona sishibi?"