Kitalu Kilichofungwa Pande Zote

Asubuhi ile Swaibu aliamka mzima wa afya, akanywa chai na kiazi cha kuchemsha, akafunga kalibu zake za kumwagia zege nyuma ya baiskeli na kwenda kwa Bi Hasna kule Rusimbi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kitalu cha maua mbele ya baraza kizungushiwe kingo za zege zenye nakshi ya majani. Bi Hasna alikuwa ameziona kwenye nyumba moja mtaa wa Mwanga, na tangu hapo roho yake haikutulia. Ulikuwa mwaka ule vita vya ng'ambo vilipomwaga watu ziwani, boti zinafika Kigoma zimelemewa kwa uzito, na nyumba nyingi za mjini zilikuwa na mgeni aliyekimbia kwao. Ya Bi Hasna ilikuwa na Honorata.

Honorata alitokea mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Alipika, alifua, alimlea Shadia, binti mdogo wa mwenye nyumba, na hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Mwanawe Feliksi alifia botini, katikati ya ziwa. Wenye boti wakasema maiti haisafiri na wazima. Wakamtoa mikononi mwake, wakamshusha majini. Basi, yameisha. Hakuwa na kaburi la kumwonyesha mtu, wala kijiti.

Sasa, huyu Swaibu kazi yake hasa ilikuwa makaburi. Kalibu alizokuja nazo zilikuwa za kaburi la mtoto, maana ndizo pekee zenye nakshi ya majani. Marehemu baba yake alimwachia sharti moja: kingo za kaburi hazifungwi pande zote kabla mwenyewe hajalazwa ndani. Ukizifunga tupu, zinaita wa kulazwa. Ndiyo maana kwenye kile kitalu aliacha pengo la kipande kimoja.

Bi Hasna akatoka, mikono kiunoni. "Fundi, mbona umeniachia pengo kama mtoto aliyeng'oka jino?"

"La kupitishia maji, Bi Hasna."

"Maji nitamwagia kwa juu mwenyewe. Ziba."

Angesema ukweli ingembidi aeleze kalibu zile ni za nini, na nani anataka kaburi barazani kwake? Swaibu akaziba. Akajaza saruji kwenye maungio, akaosha mwiko, akaenda zake. Mtu mzima na akili zake, na baba yake alishamwambia.

Hazikupita siku nyingi akaitwa. Jua la kiangazi lilikuwa linapasua ardhi, lakini udongo wa kitalu ulikuwa tope. Hakuna aliyemwagilia. Swaibu akachutama, akachovya kidole, akanusa. Harufu ya ziwa. Katikati ya asumini walikuwa wametapakaa dagaa wabichi, mmoja bado anatweta.

"Ni paka tu," Bi Hasna alisema, lakini hakusogea karibu.

Swaibu alikuwa anatazama udongo. Ulikuwa umeinuka kidogo, kwa urefu, kama shuka juu ya aliyelala. Ukashuka. Ukainuka tena.

Honorata alikuwa ameketi kando ya ukingo, kiganja juu ya udongo, anaimba taratibu kwa Kibembe, lugha ya kwao. Akamwona Swaibu, akacheka. "Amefika, baba," alinong'ona. "Mwana wangu amefika. Analala vizuri."

Swaibu alijua amefanya nini. Na Mungu amsamehe, pamoja na hofu yote ile, moyo wake ulifurahi kwa ajili ya yule mama.

Laiti ingeishia hapo. Lakini mtoto ni mtoto, hapendi kulala peke yake. Shadia akaanza kushinda kitaluni. Anaongea. Ananyamaza, anasikiliza. Anaongea tena. Akaacha kula. Ijumaa mchana akaanguka ukumbini, mwili unawaka moto, akakohoa. Kilichotoka kifuani kilikuwa maji, mengi, yenye mchanga.

"Feliksi anasema nihamie kwake," alimwambia mama yake. "Nafasi ipo."

Swaibu alipoitwa mara hii alieleza yote, kalibu na sharti la baba yake. Bi Hasna hakumgombeza. "Fungua," alisema. "Fungua sasa hivi, mwanangu anakwenda."

Swaibu akachukua nyundo. Honorata akajilaza juu ya kitalu, mikono ameikunjua.

"Usivunje, baba. Nakuomba. Kule majini kuna baridi."

"Shadia atakufa, dada yangu."

"Najua."

Alilia bila sauti. Shadia naye alikuwa mikononi mwake kila siku, yeye ndiye aliyemsuka, yeye ndiye aliyemlisha. Mwishowe akainuka mwenyewe, hakuvutwa na mtu. Akainama hadi midomo ikagusa udongo, akanong'ona kwa muda, kisha akageuza uso asione. Hakuna mama anayestahili kumtoa mtoto wake mara mbili.

Swaibu akapiga. Zege likapasuka. Maji yakatoka pengoni, meusi, yakakata kiwanja na kushika njia ya kuteremkia ziwani. Udongo ukatulia. Ndani ya nyumba Shadia akaomba uji.

Jambo hilo lilimkaa Swaibu rohoni. Alitengeneza kingo nyingine kwake, nyuma ya nyumba, mbali na watoto wa watu. Akamwaga ndani mchanga laini, akafunga pande zote, mara hii kwa kusudi. Honorata akawa anakuja kila asubuhi kungoja. Wiki zikapita, mchanga mkavu. Walikaa wote wawili wakiutazama.

Siku moja wakakuta nyayo. Ndogo, za miguu mitupu. Zilikuwa zimezizunguka kingo, zikazizunguka tena na tena mpaka nyasi zikalala, na hapa na pale zilisimama zimeelekea ndani. Hakuna hata moja iliyovuka ukingo.

Honorata akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya unyayo mmoja.

"Hataki kuingia," alisema. "Anaogopa tutamfukuza tena."

Nyayo zile zilikuwa zimejaa maji. Jua likapanda, likawa kali, adhuhuri ikaadhiniwa, na maji yalikuwa bado yamo.