Kengele ya Withcombe Nyingine

Wewe, usinibinulie mdomo kabla hujasikia. Haya yalimpata shoga yangu Hester Mudge, na Hester hajui kubuni. Hata mchuzi wake hauna chumvi.

Wilaya yetu ina vijiji vitatu vinavyoitwa Withcombe, kwa sababu bwana mmoja wa zamani aliona uvivu kutafuta majina mengine. Mwenye gari la maiti, mpumbavu yule, akalipeleka jeneza la Lettice, mdogo wake Hester, kwenye Withcombe isiyo yake. Hester akalifuata kwa miguu, ukungu umetanda, hasira zimempanda, maana alimwahidi marehemu kumlaza kando ya mama yao.

Kanisani mlikuwa giza mchana ule. Mzee Tuck, mchimba makaburi, alikuwa ameegemea koleo lake.

“Kaburi tayari, bibie.”

“Kaburi la nani? Nani kakutuma?”

“Kengele imelia alfajiri. Mapigo sita ya kutangaza kafa mwanamke, kisha moja kwa kila mwaka wa umri wake, kama desturi.”

“Kaipiga nani?”

“Sijui. Kamba yake ilishaoza zamani.”

“Umelewa, babu!”

“Laiti ningekuwa nimelewa.”

“Nasema ndugu yangu anarudi kwetu leo hii!”

Hapo kengele ikaanza kulia juu ya vichwa vyao. Hester akahesabu kwa sauti, kwa jeuri. Sita, kisha moja, mbili, tatu. Lettice alikufa na miaka hamsini na minne. Kengele ikaipita bila kusita. Ikanyamaza kwenye sitini na moja, umri wa Hester mwenyewe.

Hester akatoka nje, akaufunga mlango.