Kanuni ya Kufuta

Mwaka 1997, Katongo alikuwa akikatiza soko la samaki la Kashikishi na kompyuta juu ya baiskeli, sauti ya mwanamke ikamsimamisha.

"Papa, hiyo televisheni unauza?"

"Si televisheni, mama. Ni kompyuta ya biro, ya ofisini."

"Basi iulize bei ya samaki!"

Aliitwa Fidélie, mchuuzi kutoka Lubumbashi, liputa ya manjano, kitenge cha kujifunga, imemkaa barabara. Katongo akasahau safari yake. Tangu siku hiyo, kila Fidélie alipovuka ziwa kuja kununua samaki alipitia ofisini, ambako Katongo alitunza ukurasa wa intaneti wa wafanyabiashara: mtu anaandika ujumbe Lubumbashi, unasomwa ng'ambo ya ziwa, hapo Nchelenge.

Shida ilikuwa herufi za Kifaransa. Zilifika zimegeuka madudu, ukurasa unakwama. Katongo akatunga kanuni ya mstari mmoja:

s/[^A-Za-z ]//g

Yaani, chochote kisicho herufi kuanzia a hadi z, wala nafasi, futa. Ukurasa ukatakata, naye akavimba kichwa.

"Na jina yangu unaikata, chéri?" Fidélie alimtania. "Shi iko na é?"

"Ni mashine tu. Kwangu mimi uko muzima."

Mwezi wa tisa ukaja ujumbe wake: "Tonton ameweka telefone ku nyumba Famille ingine inaleta dot dimanche Piga mbele yabo kama unanitaka Fidlie"

Katongo akaelewa: mjomba ana simu nyumbani, Jumapili watu wengine wanaleta mahari, apige kabla yao. Akatafuta namba, hakuiona. Anayetaka kupigiwa simu si huacha namba? Ananichezea huyu, akajiambia. Angeweza kumwandikia kumuuliza. Alinuna.

Wiki mbili baadaye Fidélie akaingia ofisini, akakaa bila salamu.

"Juu ya nini haukupiga?"

"Haukuniachia namba."

"Niliandika! Mwisho kabisa. Mi na Tonton tulikaa pembeni ya telefone tangu asubui."

Katongo akaitazama kanuni yake kwenye kioo cha kompyuta. Akaifuata kwa kidole: a hadi z, nafasi, basi.

"Nimeifuta mimi," akasema. "Namba si herufi. Sikufikiri."

"Unaweza kuirudisha?"

"Hapana. Mashine haikubakisha kitu."

"Dot walishapokea," Fidélie akasema. "Batu walikunywa, waliimba. Mi nilikuwa natazama ile telefone."

Mahari ikishapokewa mbele ya wajomba, hakuna wa kuirudisha kwa sababu ya mashine. Wote wawili walilijua hilo.

"Nakupenda," Katongo akasema.

"Najua."

Hakuna aliyelia. Nje wapakiaji waligombana juu ya gunia. Katongo akaongeza 0-9 ndani ya kanuni, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

"Nitajie hiyo namba."

Fidélie akamtajia moja moja. Akaandika, akatuma, akafungua ukurasa. Tarakimu zote sita zilikuwapo, zimejipanga.

"Sasa zinapita," akasema.

"Minaona," akajibu Fidélie, akakaza liputa yake kiunoni na kwenda kutafuta boti la kurudi Kilwa, ng'ambo ya ziwa.