Shubaka Lililozibwa

Fundi mwashi alikuwa ameoga na kujisugua, lakini nyumba nzima ilinuka chokaa mbichi.

"Leo umerudi na ukuta au umerudi peke yako?" mkewe alimtania. "Hata kitanda cha mtoto kinanuka."

Mtaani walimwita Bwana Ziba, maana hakuweza kuona tundu akalipita. Siku hiyo alikuwa akikarabati kuba la ukoo mmoja wa matajiri katika makaburi ya kale: jengo la mawe lenye mlango wa chuma, na ndani yake mashubaka ya kulazia maiti, yote yamezibwa na kuandikwa majina isipokuwa moja.

"Hilo tupu usiliguse, baba," bibi mwenye kuba alimwonya.

"Sawa, bibi," aliitikia. Bibi alipotoka, mkono ukamwasha. Akaliziba kwa mawe, akalipiga lipu likawa laini kama shavu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi yake binti yao wa pekee alikutwa mwili wa baridi, akihema kwa shida, midomo imejaa vumbi jeupe. Alikuwa amejibana pembezoni, mgongo ukutani, na katikati ya godoro palikuwa na bonde, kana kwamba mtu mzito ameinuka sasa hivi.

"Nani kalala hapa, mama?" mkewe alimuuliza mtoto.

"Mgeni," mtoto alinong'ona. "Anasema baba amemzibia mlango wa kwake."

Mke akamgeukia mumewe. "Baba nanii, umefanya nini huko?"

Fundi alichukua nyundo yake. Alikimbia hadi kwa bibi, akamweleza yote, na bibi akakaa sakafuni.

"Hatukuliacha tupu kwa kukosa maiti," alisema kwa sauti ya chini. "Mna jini humo tangu kuba lijengwe. Tumemwachia pake, naye katuachia petu. Kalivunje kabla jua halijazama. La sivyo atakichukua kitanda cha mwanao pamoja na anayekilalia."

Alilivunja mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na tangu pigo la kwanza la nyundo kitu kilihema nyuma ya shingo yake, pumzi nzito yenye harufu ya chokaa, naye hakuthubutu kugeuka, akapiga huku akilia na kumwomba Mungu rehema na jini msamaha, mpaka lipu ikaporomoka na pumzi ile ikampita sikioni, polepole, ikaingia gizani.

Nyumbani alimkuta binti anakunywa maziwa, mashavu yana joto. Alimkumbatia akalia bila haya. Mkewe alitandika shuka safi, na giza lilipoingia mtoto akapanda kitandani, akajibana pembezoni, mgongo ukutani.

"Sogea katikati, mwanangu," fundi alimwambia. "Ameshakwenda kwake."

"Amekushukuru sana, baba," mtoto alisema, akiuweka sawa mto wa pili. "Amesema kule atakuwa analala mchana."