Rejeta ya Lori Wodini

Kila asubuhi Klara alifua nepi za mtoto wa dada yake, akazianika uani kwa zahanati ya misheni, kisha akakaa barazani kuwacheka wapita njia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza darasa la nne, na tangu hapo hakuona mtu wa maana katika Bukombe yote.

Klara alimdharau fundi Herman kuliko wote. Mzee huyu alichochea mtambo wa mvuke mgodini Geita kwa miaka mingi, na ndiye aliyetengeneza joto la wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, alimolazwa dada yake Klara na mtoto wake. Nje ya ukuta, chini ya paa dogo, aliweka pipa la maji juu ya moto. Bomba la juu lilipeleka maji ya moto ndani, yakapita katika rejeta ya lori bovu iliyosimama chini ya dirisha, yakapoa, yakarudi pipani kwa bomba la chini. Moshi ulibaki nje.

"Kwetu mtoto huota moto wenye miali," Klara alisema. "Huyu anatuwashia lori!"

"Cheka utakavyo, mjukuu wangu," Herman alijibu. "Ila usiweke kitu juu yake wala mbele yake."

"Mchochea kuni ananipa amri!"

"Klara!" dada yake Limi alimkemea kutoka kitandani. "Huyo ni sawa na babu yako."

"Babu yangu hanuki grisi."

Mwezi wa Machi, mwaka 1953, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Nepi hazikukauka. Limi alipokwenda jikoni kunywa uji, Klara alitandaza nepi mbichi juu ya rejeta, kisha akaifunika yote kwa blanketi hadi sakafuni, kama mtu anavyofunika chungu cha viazi ili visipoe. Akaona amemshinda mzee akili. Akasinzia.

Alipozinduka, chumba kilikuwa na ubaridi. Thobias, mtoto wa Limi, hakulia wala kujinyonganyonga. Nyayo zake zilikuwa baridi kama kokoto za mtoni. Klara akasikia hatua za Sista Philomena, muuguzi. Haraka akavuta blanketi na nepi, akazisukumia chini ya kitanda.

"Chuma cha mzee kimekufa, Sista! Nilisema mimi!"

Sista alimpima mtoto, akamweka kifuani kwa Limi aliyekuwa amerudi mbio.

"Leteni kigae cha makaa!" Limi alilia.

"Moshi utamziba pumzi," Sista alisema. "Lakini baridi nayo itamuua. Haya, mpishi alete makaa. Na Herman aitwe."

Herman aliingia ameloa chapachapa. Akagusa rejeta, akaondoa mkono upesi. "Inaunguza. Chuma hakijafa." Akachomoa unyuzi wa pamba kwenye kopo la Sista, akauachia juu ya rejeta. Ukapanda karibu na dari, ukaelea hadi ukuta wa pili, ukashuka taratibu.

"Hewa ikigusa chuma hupata moto, hupanda," alisema. "Ikipoa hushuka, hurudi kwa chini kutafuta joto tena. Ndivyo chumba kizima kinavyopata. Mtu akiiziba njia, joto linafungwa palepale."

Mpishi akatokea mlangoni na kigae, moshi ukitangulia.

"Asiingie!" Klara alipiga kelele. "Ni mimi. Niliifunika kwa blanketi, nikaficha."

Makaa yakarudishwa jikoni. Muda si mrefu nyayo za Thobias zikapata joto, naye akaanza kunyonya.

Herman alizivuta nepi kutoka chini ya kitanda. "Kutojua si kosa, Klara. Mimi mvuke ulinifundisha kwa kuniunguza. Kosa ni dharau. Ilikuzuia kuuliza neno moja tu, 'kwa nini?' Kisha ikakufanya unisingizie, na uongo huo ulikuwa unamletea mtoto moshi."

Klara aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Fundi, hayo maji yanazungukaje bila kusukumwa?"

"Chukua ndoo," alisema Herman. "Pipa linataka maji. Njoo uone mwenyewe."